Kanzu ya Mlangoni

Abdulkarim hakuwa na suti. Hakuwa na tai, wala viatu vya kamba, wala sanduku la safari lenye kufuli inayofunga. Hakuwa na mazoea ya kupumzika, kwa sababu duka lake la sabuni, sukari na mafuta ya taa pale Kimbo, Ruiru, lilikuwa wazi kila siku isipokuwa siku za Idd, na siku moja alipong'olewa jino. Na hakuwa na picha ya baba yake, wala nguo yake hata moja. Hilo la mwisho hakulihesabu, maana hakudhani ni kitu kinachoweza kupatikana.

Barua ya binti yake Zahra ilifika mwezi wa Julai, mwaka wa 1995. Zahra alikuwa nesi huko Muscat. Aliandika kwamba wazazi wake walikuwa wametimiza miaka arobaini ya ndoa bila kwenda likizo hata mara moja, na kwamba alikuwa amekwisha kuwalipia siku tatu, chumba na chakula, katika Hoteli ya Mkonge, nje kidogo ya mji wa Thika. Ndani ya bahasha alitia kijitabu cha hoteli chenye picha za rangi: mto, bustani, na mlango mkubwa wa mvule ulionakshiwa majani ya mkonge. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba jioni wageni wanaombwa kuingia chumba cha kulia wakiwa wamevaa rasmi.

Abdulkarim aliusoma mstari huo kwa sauti. Kiingereza alikisoma vizuri. Alikipata ukubwani, katika masomo ya jioni ya watu wazima, na tangu hapo hakukiruhusu kimtoroke.

"Rasmi ndiyo nini?" mkewe Amida aliuliza. Alikuwa anapiga pasi mashuka.

"Suti."

"Lakini wewe unayo nguo rasmi, Baba Zahra. Vaa kanzu yako ya Idd na koti juu. Ukiivaa hiyo hata imamu anakupisha."

"Pale kanzu ni nguo ya weita."

"Mpaka leo?"

"Ya leo siijui. Ya zamani naijua."

Aliijua kwa sababu baba yake, Abdulnasir, alikuwa weita wa Hoteli ya Mkonge wakati mashamba yote ya pale yalikuwa ya Wazungu. Weita walivaa kanzu nyeupe, tarbushi, na mshipi mwekundu wa kuzungusha kiunoni, na walitembea miguu mitupu ili wasipige kelele. Abdulkarim alikuwa mtoto wa Majengo ya Thika wakati huo. Kila siku alimpelekea baba yake chakula kwenye mlango wa jikoni, na kupitia kidirisha cha kupitishia sahani alikiona chumba cha kulia vipande vipande: pembe ya meza, mkono wenye pete, mgongo wa baba yake. Abdulnasir aliingia katika chumba hicho maisha yake yote ya utu uzima na hakuwahi kukalia kiti. Alifia humo, baada ya supu na kabla ya nyama. Walimrudisha Majengo akiwa amefunikwa kitambaa cha meza, kwa kuwa kanzu ilikuwa mali ya hoteli na kulikuwa na mtu mwingine wa kuivaa jioni ileile. Kesho yake mtu wa hoteli alikuja kuchukua kitambaa. Mama yake Abdulkarim, Bi Safaa, alikuwa amekwisha kukifua na kukipiga pasi.

"Nataka niingie kwa mlango wa mbele," Abdulkarim alimwambia mkewe. "Nikae kwenye kiti, na wewe ukae mbele yangu, tule. Na niwe nimevaa nguo ambayo mtu akiniona hatanituma kitu."

Amida aliichomoa pasi ukutani.

"Basi twende Githurai," alisema.

Katika soko la Githurai 45, kijana wa suti za mitumba hakuhitaji futi ya kupimia. Alimtazama Abdulkarim juu mpaka chini, akavuta suti ya kijivu kutoka katikati ya rundo.

"Guka, babu yangu, hii ni ya Italy. Ukivaa hii chifu mwenyewe atakuamkia."

"Mabega yanaanguka," Amida alisema.

"Shosho, nyanya yangu, mabega si ya koti, ni ya guka. Mwambie asimame vizuri."

Abdulkarim alisimama vizuri. Mabega yakapanda.

"Si umeona? Na tai nakuongezea bure. Ni harusi unaenda?"

"Naenda kula."

"Kula tu?" Kijana aliikunja suti polepole. "Haki guka, hicho chakula kiwe na nyama."

Viatu vya kamba walivinunua kibanda cha pili. Tai ilifungwa na Mwalimu Philip, jirani yao, ambaye aliifunga mara moja, akailegeza, akamvua kichwani na kumwonya asiliguse fundo mpaka likizo iishe.

Hoteli ilikuwa kama kijitabu kilivyosema. Chumba chao kilitazama mto. Taulo zilikuwa nyingi kuliko watu. Amida alikaa kwenye kila kiti kwa zamu, kisha akasema kwamba Zahra amelipa pesa zake vizuri, Mungu amzidishie. Abdulkarim aliitikia amina. Alifungua madirisha yote na kuyafunga tena, kwa sababu yalifunguka bila kukwama.

Jioni alivaa suti. Amida alivaa gauni lake la Idd na mtandio wa samawati. Walipita bustanini wakiongozana hadi kwenye mlango wa mvule uliokuwa wazi. Amida alitangulia. Abdulkarim alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, kama alivyofunzwa kuingia mahali pa heri, na alipoushusha mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia pia ulikuwa mtupu.

Alijitazama. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu umemzunguka kiuno, tarbushi kichwani. Sakafu ilikuwa baridi.

"Suti imeenda wapi?" Amida aliuliza.

"Nadhani ni mlango."

"Na yule kijana alisema ni ya Italy."

Weita mkuu alikuja kuwapokea. Aliitwa Absalom, mtu mrefu mwenye mvi, aliyevaa kizibao cheusi na tai ya kipepeo. Weita wote walivaa hivyo siku hizi, na ndio waliokuwa wamependeza kuliko watu wote chumbani.

"Poleni," alisema. "Hawaandiki kwenye kijitabu. Ni mlango wa zamani na ulizoea hivyo. Mwanamume Mwafrika akiingia, unamvika. Akina mama hauwagusi, kwa sababu zamani hawakuwa wanaingia, kwa hivyo haujui uwavike nini. Ukitoka utarudishiwa nguo zako, mzee, usijali. Hakuna hata kifungo kimewahi kupotea."

"Na wale?" Abdulkarim aliuliza. Kwenye meza za katikati walikaa wanaume Waafrika waliovaa suti.

"Wale wamepitia jikoni."

Absalom alikuwa amenyoosha mkono kuwaonyesha meza ya dirishani, wakati bwana mmoja kwenye meza za katikati alipopiga kidole. Alikuwa mtu wa bima kutoka Nairobi, mwenye tai ya hariri.

"Wewe mzee! Lete maji hapa. Na barafu."

Abdulkarim aliinua mkono kueleza kwamba yeye ni mgeni. Mkono ulipoinuka aliona, chini ya kwapa, mshono wa uzi wa kijani. Ulikuwa mshono wa kulala upande, kwa sababu aliyeushona alitumia mkono wa kushoto. Kanzu ya baba yake iliwahi kupasuka kwapani, uzi mweupe ukakosekana nyumbani, na Bi Safaa akaishona kwa uzi wa kijani huku Abdulkarim mdogo amemshikia taa. Aliusogeza mkono karibu na uso. Kanzu ilinukia sabuni ya mche na karafuu kidogo.

Hakutaka kubishana na mtu akiwa ndani ya kanzu ya baba yake. Alileta maji, na barafu.

Baada ya maji walitaka supu. Mzungu mmoja mzee, mkulima aliyebakia upande wa Ol Donyo Sabuk, alitaka chumvi, na aliipokea bila kuinua macho, akasema "asante, boi," kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana. Kanzu ilizijua meza zote. Ilijua kiti kipi kinalegea na nani anapewa sahani kwa upande gani. Abdulkarim aliifuata ilipokwenda. Kwenye meza ya dirishani Amida alikula kuku peke yake, kwa uma na kisu, na kila alipoinua macho mumewe alikuwa upande mwingine wa chumba na trei.

Walipotoka, viatu vya kamba vilirudi miguuni na suti ikarudi mwilini. Fundo la Mwalimu Philip lilikuwa vilevile.

"Ilikuwa kanzu ya baba," Abdulkarim alisema walipofika chumbani.

"Umejuaje?"

"Uzi wa kijani."

Amida alikaa kitandani. Hadithi ya uzi wa kijani aliijua, alikuwa amesimuliwa na Bi Safaa mwenyewe.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akavua viatu, akavipanga. "Lakini nimekula peke yangu."

Asubuhi chai iliandaliwa barazani, ambako hakuna mlango, na hakuna lililotokea. Meneja wa hoteli, Bwana Makau, alipita kuwasalimia wageni. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Nimesikia kilichowapata jana, mzee wangu. Leo upite jikoni. Kuna zulia tumetandika, ni pasafi kabisa. Mimi mwenyewe napitia huko. Wabunge wanapitia huko. Hakuna aibu."

"Baba yangu alipitia huko."

"Basi hata njia unaijua."

"Naijua," Abdulkarim alisema. "Na mlango mbona hamuuondoi?"

Bwana Makau alishangaa kidogo. Siku hiyo hakushangazwa na jambo jingine.

"Tutauondoaje, mzee? Mlango uko kwenye kadi za posta."

Mchana Abdulkarim na mkewe walijadiliana kuhusu mavazi. Amida alikuwa na wazo kwamba pengine ni tai ndiyo iliyouudhi mlango, kwa sababu ilikuwa ya bure. Akashauri sweta na shati wazi shingoni, kama wageni wawili Wajerumani aliowaona, ambao waliingia na kaptura na wakatoka na kaptura. Jioni Abdulkarim alivaa sweta. Mlango ulimvika kanzu ileile. Alitazama kwapani kwanza, akaukuta uzi wa kijani mahali pake, akafurahi. Mtu wa bima alikuwa bado yupo, na alikuwa na kiu. Amida aliagiza chakula cha watu wawili. Sahani ya mumewe ikapoa mbele ya kiti kitupu, ikarudishwa jikoni kama ilivyokuja, na mumewe ndiye aliyeirudisha.

"Sikiliza, Baba Zahra," Amida alisema chumbani. Hakupandisha sauti. "Katika nyumba yangu sijawahi kula peke yangu. Hata ulipougua nilileta sahani yangu kitandani. Hapa nimekula peke yangu mara mbili, na kuku wao mzuri ameniingia kama dawa. Kesho ni jioni ya mwisho. Ukienda tena na trei, mimi nitakaa hapa ninywe chai na mkate."

"Tupitie jikoni?"

"Sijasema hivyo. Ukipita jikoni utakula huku unamtazama baba yako kwenye kile kidirisha. Nakujua."

"Na nikipita mbele nitavikwa."

"Utavikwa. Lakini kwani kanzu ndiyo inayobeba trei?"

Abdulkarim alivua sweta, akaikunja.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, alizunguka nyuma ya hoteli kukitafuta kidirisha cha utotoni. Kilikuwa kimezibwa kwa matofali. Karibu na mfereji wa maji alimkuta Absalom amekaa kwenye kreti la soda, anasugua uma.

"Nimekuwa nakutazama siku mbili, mzee," Absalom alisema. "Unashika trei kama Abdulnasir."

"Alikuwa baba yangu."

"Nilijua tu. Niliingia hapa nikiosha sufuria, yeye ana meza za dirishani. Ndiye alinifundisha hii kazi."

"Alikuwa mkali?"

"Kwa vijiko tu." Absalom aliutazama uma, akaupuliza. "Lakini alikuwa na mambo yake. Jua likizama anakuja hapa, penye huu mfereji. Anafungua mshipi, anautundika pale kwenye msumari, anatia udhu, anaswali. Kanzu ni ileile ya kazini, hakuwa na nyingine. Ndani wanaita, 'Boi! Boi!' Wala hashtuki. Siku moja bwana mkubwa akatuma mtu aje amwite. Baba yako akamwambia, 'Boi hayupo. Mshipi wake ule pale.'"

"Wakamfanya nini?"

"Walimkata mshahara mara kadhaa. Halafu wakazoea kungoja."

Msumari ulikuwa bado upo ukutani, umeshika kutu. Abdulkarim aliugusa. Alikuwa amemwona baba yake akiswali pale mara nyingi, na yeye, sufuria ya chakula mkononi, alikuwa anamngoja amalize kama watoto wanavyongoja. Mshipi kwenye msumari aliuona pia. Alidhani umeanikwa.

Jioni ya mwisho hakuitoa suti kabatini. Aliivaa kanzu yake ya Idd, ya rangi ya maziwa, na kofia ambayo Amida aliidarizi kwa mkono wake mwaka aliozaliwa Zahra. Alijitia manukato nyuma ya masikio. Amida alimzunguka akimnyoosha kola.

"Sasa unavaa vyote hivi vya nini, na mlango utavichukua?"

"Siwezi kwenda kuchukua nguo ya baba nikiwa nimevaa ovyo."

Mlango ulivichukua. Kofia ikawa tarbushi, viatu vikatoweka, na badala ya kanzu ya Idd ikaja kanzu yenye uzi wa kijani, na mshipi umekazwa. Abdulkarim alisimama hapohapo ndani ya mlango. Alilitafuta fundo kiunoni. Mshipi ulikuwa mrefu, na ilimbidi kuupitisha nyuma ya mgongo tena na tena, na Amida akamsaidia kuupokea upande wa pili kama wanavyokunja shuka. Ulipokwisha aliukunja mara nne na kuubeba mkononi. Tarbushi aliivua pia.

Kilichobaki kilikuwa mzee aliyevaa kanzu nyeupe, kama wazee wanavyovaa Ijumaa pale Majengo.

Walitembea mpaka meza ya dirishani. Ilikuwa na viti vitatu. Abdulkarim aliutundika mshipi kwenye mgongo wa kiti cha tatu, akamvutia Amida kiti chake, kisha akakaa. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyodhani alipokuwa mtoto.

"Wewe mzee!" mtu wa bima aliita. "Maji!"

Abdulkarim alikuwa anasoma menyu.

"Wewe! Hunisikii?"

Alikuwa amefika kwenye samaki. Amida aliweka mkono wake juu ya wa mumewe. Watu wachache waligeuka. Yule mkulima Mzungu alishusha kijiko, akautazama mshipi uliotundikwa kwenye kiti kama mtu anayetazama saa ya zamani aliyoijua kwao. Akainua mkono kumzuia mtu wa bima.

"Tunangoja," alimwambia kwa Kiswahili. "Huwa tunangoja." Akarudi kwenye supu yake.

"Tunangoja nini?" mtu wa bima aliuliza.

"Amefungua mshipi, bwana," Absalom alimwambia, na kumpelekea maji yeye mwenyewe, na barafu.

Waliagiza samaki wa nazi. Kabla ya chakula kuja, Amida alitazama uma zilizopangwa mezani, akamwita Absalom.

"Baba, hapa hamnawishi wageni?"

"Zamani sana tuliacha, mama."

"Sisi hatujaacha."

Absalom alikwenda jikoni. Alirudi na birika kubwa la chai lililooshwa, beseni la saladi, na taulo begani. Aliinama na kumimina maji ya vuguvugu juu ya mikono ya Abdulkarim, polepole, mpaka kwenye vifundo, akamnawisha na Amida, akawapa taulo. Halafu akawaletea samaki kwenye sahani moja kubwa, bila kuambiwa. Abdulkarim alisema bismillahi. Walikula kwa mikono, kutoka sahani moja, kama nyumbani.

"Yuko vizuri?" Amida aliuliza.

"Nazi ni ya kopo."

"Lakini yuko vizuri."

"Yuko vizuri sana."

Walizungumza juu ya Zahra, na juu ya paa la duka, na juu ya Bi Safaa, ambaye hakumpenda Amida kwa mwaka mzima wa kwanza na kisha akampenda kuliko watoto wake. Amida alicheka mpaka mtandio ukateleza. Wakati huo tone la mchuzi lilimponyoka Abdulkarim vidoleni, likaanguka kifuani pa kanzu. Zamani doa kama hilo lilikatwa kwenye mshahara. Amida alinyoosha kitambaa kulipangusa.

"Acha," Abdulkarim alisema. "Aonekane amekula."

Walikuwa watu wa mwisho kuondoka mezani, na mshipi wakauacha kitini. Mlangoni Abdulkarim alisimama na kuweka kiganja juu ya mbao. Alijua mlango haukumtendea wema. Ulikuwa unafanya kazi uliyofundishwa, na ungemfanyia hivyohivyo mtu yeyote. Hata hivyo alisema asante, kwa sauti ya kusikika, kisha akavuka, na kanzu yake ya Idd ikamrudia, safi, bila doa.

Asubuhi ya kuondoka kulinyesha manyunyu, chai ikaandaliwa ndani. Safari hii mlango ulimvika Abdulkarim kanzu nyingine, yenye kiraka gotini. Aliikagua, hakumtambua mwenyewe aliyeivaa zamani. Alipoinua macho alimwona daktari mmoja kijana amesimama katikati ya chumba, miguu mitupu, anajitazama. Mshipi wake ulikuwa mpya. Kanzu yake ilikuwa na uzi wa kijani kwapani na doa la mchuzi kifuani, na mama mmoja alikuwa tayari anamwagiza maziwa ya moto.

Abdulkarim alimwendea.

"Mwanangu, fungua huo mshipi. Fundo liko kushoto. Ukishaufungua unakaa tu."

"Mzee, mimi ni daktari," kijana alisema. Alikuwa karibu kulia.

"Najua. Fungua tu."

Daktari alitazama mshipi, akatazama watu. Kisha akatoka haraka mlangoni, na baada ya muda mfupi akarudi akitokea jikoni, na suti yake na viatu vyake, akakaa meza za katikati. Mama yule alimsalimia kwa heshima na kumwomba radhi, alikuwa amemfananisha.

Abdulkarim aliufungua mshipi wake mwenyewe. Aliutundika kwenye kiti, akakaa mbele ya Amida, akanywa chai kwa uangalifu, kwa sababu kanzu haikuwa ya kwao.

Walirudi Kimbo siku hiyohiyo. Duka lilifunguliwa alasiri. Wateja walimuuliza habari za likizo, akawaambia ilikuwa nzuri, na ilikuwa kweli. Suti ya kijivu alimpelekea Mwalimu Philip, ikamkaa vizuri mabegani. Jioni aliwasha taa, akaandika:

"Mwanangu Zahra. Tumerudi salama. Tumekula chakula ulichotulipia, mama yako na mimi, tukiwa tumekaa. Mungu akujaze kheri, maana umenipa kitu ambacho hukujua unanipa, nami sikujua nakikosa. Nilivaa nguo ya babu yako. Nitakusimulia ukija.

"Kuhusu mavazi, kijitabu kinataka rasmi. Usihangaike. Mkienda wewe na Irshad, mumeo avae anachotaka, suti au sweta, mlango hauchagui. Bado upo, na bado unawavika wanaume wetu kanzu ya weita. Lakini mwambie apitie mbele, na umsaidie kufungua mshipi, ni mrefu. Na akipata kanzu yenye uzi wa kijani kwapani na doa kifuani, amsalimie babu."

Amida aliisoma barua akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Hukuandika samaki alikuwa wa nazi."

Abdulkarim aliongeza mstari wa samaki. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi na kuikandamiza kwa kiganja juu ya kaunta mpaka ikashika. Asubuhi alivaa kanzu yake ya kila siku, akatembea mpaka posta ya Ruiru, akabandika stempu ya ng'ambo na kuitumbukiza barua sandukuni, akasimama kidogo mpaka alipoisikia imefika chini.